Kuauniwa Si Kuacha Kulea

Imeenea miongoni mwetu itikadi, nayo husemwa kwa upole mithili ya nasaha, ya kuwa mama anayeiuliza akili mnemba iliyo ndani ya simu yake apike nini leo, au barua ya mwalimu aijibu vipi, ni mama aliyekwisha kujivua ulezi. Nimeisikia barazani, nimeisikia harusini, na mwezi uliopita niliisikia mlangoni pangu hapa Ngamiani, Tanga, kutoka kwa mama mmoja wa makamo ambaye nampenda na kumstahi, aliyenikuta nikizungumza na simu huku mikono yangu imo ndani ya beseni la maji ya moto. "Mwanangu," aliniambia, "mtoto halelewi na simu, kuzaa si kazi, kazi kulea." Sikumjibu siku ile, kwa kuwa umri wake una haki juu yangu, na kwa kuwa maumivu hayakuniachia pumzi ya kujadiliana. Namjibu leo, yeye na wote walio katika rai yake, kwa heshima wanayostahili na bila ya kuficha kwamba rai hiyo ni batili na ina madhara.

Nina baridi yabisi. Maradhi haya hayakuletwa na upepo wa kusi wala na uzee, kama wengi wadhanivyo. Ni maradhi ambayo kinga ya mwili, iliyoumbwa kupigana na adui wa nje, hugeuka ikashambulia utando wa ndani wa viungo, nayo huwapata wanawake zaidi kuliko wanaume. Kila alfajiri vidole vyangu hukakamaa kwa muda wa saa nzima au zaidi, na saa hiyo ndiyo ile ile ambayo watoto wawili, mmoja wa darasa la tatu na mmoja wa chekechea, hutaka kufungwa vifungo, kumiminiwa chai na kutafutiwa daftari lililopotea. Baba yao hayupo, na kisa chake si cha makala haya. Mwenye afya hufungua kifuniko cha chupa ya chai asikumbuke kwamba amekifungua. Kwangu mimi kifuniko hicho ni yale maji ya kifuu ambayo kwa chungu ni bahari.

Wanaonilaumu hudhani kwamba kinachompungukia mgonjwa ni mapenzi, na kwamba chombo kimeletwa kuziba pengo la mapenzi; lau ingekuwa hivyo ningekuwa wa kwanza kukivunja. Maumivu ya kudumu, ambayo waganga huyahesabu kuwa hivyo yakipita miezi 3, huanza kwa kuiba tadbiri: ule uwezo wa kupanga kipi kitangulie na kipi kifuate, wa kukumbuka kwamba sare ya Jumatano ni ya michezo, kwamba mchele umebaki kibaba kimoja, kwamba mwisho wa mchango wa mtihani ni keshokutwa. Aliyekesha akijigeuza kitandani kutafuta upande usiouma huamka na akili iliyopasuka kama kioo. Vipande vyote vimo, lakini havioneshi sura. Katika kundi la wazazi wa shule, jumbe arobaini huweza kuingia kwa usiku mmoja, salamu na pole na shukrani zikichanganyika na michango na mitihani. Mimi huzinakili zote, nikaitaka programu initolee yale machache yanayonihusu, nayo hunitolea kabla maji hayajachemka. Huiambia kwamba nina dagaa, nyanya mbili na viazi, na kwamba leo siwezi kukuna nazi wala kusonga ugali, nayo hunipangia chakula cha mikono isiyo na nguvu. Nguvu ninayoiokoa hapo ndiyo hunikalisha jioni na mwanangu mkubwa tukasoma kurasa mbili za kitabu chake, yeye akizifunua kwa kuwa vidole vyangu havikunjiki.

Lakini manufaa makubwa kuliko yote niliyapata mahali nisipopatarajia. Kwa mwaka mzima, kila nilipokwenda kliniki niliulizwa hali yangu na, kama tulivyolelewa, nikajibu kwamba sijambo, namshukuru Mungu, kisha nikapewa dawa zile zile nikarudi nyumbani. Nikaanza kuisimulia simu kila asubuhi kwa sauti, maneno machache tu: wapi panauma, tangu saa ngapi, kazi gani imenishinda. Baada ya miezi miwili niliitaka iyapange yote katika ukurasa mmoja, nikaenda nao. Daktari aliusoma kwa kituo, akanyamaza, akabadilisha kipimo cha dawa. Jumuiya ya kimataifa ya wanachuoni wa maumivu, iliyoasisiwa mwaka 1973, ilipoirekebisha tafsiri yake ya maumivu mwaka 2020 iliweka wazi kwamba maelezo ya mtu juu ya maumivu yake yaheshimiwe. Lakini hayawezi kuheshimiwa maelezo yasiyotamkwa, na mila yetu ya kujibu sijambo, ambayo naipenda kwa adabu yake, imewazika wanawake wengi wakiwa hai.

Nina neno jingine, na huenda likawaudhi baadhi ya wasomaji. Katika mitaa yetu hapana mtu amlaumuye mama mwenye afya kamili aliyemtoa binti wa watu kijijini, akamkatiza masomo, akamlaza jikoni, akamwachia watoto tangu alfajiri hadi usiku kwa ujira usiotosha jozi ya viatu. Mama huyo huitwa mwenye uwezo. Msaada wa kiumbe anayeonewa tumeuhesabu kuwa desturi, na msaada wa chombo kisichoonewa tumeuhesabu kuwa aibu. Iko wapi insafu hapo? Tena hukumbushwa kwamba bibi yangu mzaa mama alilea watoto saba bila ya simu. Ni kweli, na katika ua wake walikuwamo mama mkwe na wifi wawili, na alipougua mgongo hakuinama kuokota ufagio mpaka alipopona.

Chombo chenyewe ni kigeni bado. ChatGPT, mojawapo ya programu hizi, ilifunguliwa kwa umma mwezi wa Novemba 2022, na kila kigeni hupokewa kwa shaka. Shaka hiyo siichukii, maana nami ninayo. Kimeundwa na watu wanaohesabu saa tangu usiku wa manane, si tangu mawio ya jua kama sisi: nilipokiagiza kinikumbushe dawa ya kikohozi ya mtoto saa mbili usiku, kengele ililia saa nane, nyumba nzima ikaamka. Kwa hiyo dawa yangu mwenyewe, methotrexate, ambayo kwa maradhi haya humezwa mara moja tu kwa juma, na ikimezwa kila siku huweza kuua, siikabidhi kwa mashine. Siku zake nimeziandika kwa mkono wangu katika kalenda ya ukutani, kwa herufi zilizopinda. Majina ya watoto siyatii ndani ya simu, wala shule yao. Na mwanangu mkubwa aliponiuliza usiku mmoja kama mikono yangu itapona, sikwenda kutafuta jawabu kokote. Nilimwambia kwamba maradhi haya hayana dawa ya kuyaondoa kabisa, bali zipo za kuyatuliza, na kwamba vidole hivi vyamjua hata vikiwa vimevimba. Akavishika kimoja kimoja, akavihesabu, akalala.

Methotrexate yangu huimeza usiku wa kuamkia Jumamosi, na kukicha huamka na kichefuchefu na uchovu usioniruhusu kusimama kwa muda. Basi, mama yangu uliyesimama mlangoni pangu, Jumamosi saa moja asubuhi mlango utakuwa wazi. Ziko ndoo mbili za kuteka bombani, ziko sare za kufua, na mdogo hapendi kuogeshwa mpaka asimuliwe hadithi. Ukija, simu nitaizima.