Tuache Kuwatoa Watu Kazini kwa Jina la Bwana

Lipo kosa ambalo sisi wachungaji tumelitenda kwa miaka mingi, na kwa kuwa tumelitenda kwa nia njema hakuna aliyetukemea. Anakuja msharika wa miaka arobaini na kitu, mwenye ujuzi wake na miaka ishirini kazini. Amechoka, hajui aendelee au aache. Tunamsikiliza robo saa, tunafumba macho kuomba, na tukifumbua tunamwambia kwamba huenda Mungu anamwita aache mambo ya dunia, amtumikie Yeye. Tunasema hivyo kana kwamba mpaka asubuhi ile alikuwa akimtumikia mwingine.

Tunaandika kwa sababu ya mtu mmoja wa bonde letu. Hatutamtaja jina, tutamwita mhandisi. Baba yake alikuwa fundi wa ishara na simu za reli ya TAZARA, akalea watoto wake Mlimba, pale treni inapojiandaa kupanda milima kwenda Makambako. Mtoto alisomea umeme Dar es Salaam, akapata nafasi ya kuendelea Ulaya, akabaki huko. Leo ana miaka arobaini na sita, na zaidi ya ishirini kati ya hiyo amekuwa akibuni chipu.

Kwa wasiojua, chipu ni kile kipande kidogo, mara nyingi hakizidi ukucha, kilichomo ndani ya simu yako, ndani ya mita ya Luku ukutani, na ndani ya ile mashine inayomwonyesha mtoto tumboni mwa mama pale Hospitali ya Mtakatifu Fransisko. Kimetengenezwa kwa silikoni, ambayo asili yake ni mchanga, na ndani ya chipu kubwa za leo mna swichi ndogondogo ziitwazo transista, nazo ni mabilioni. Anayeibuni hashiki moto wala nyundo. Anachora kwenye kompyuta pamoja na wenzake wengi, pengine miaka miwili au mitatu, ndipo mchoro unapelekwa kiwandani, mara nyingi Taiwan. Ukishachongwa, kosa lililomo halifutwi kwa kifutio. Kazi ya mhandisi wetu ni kuhakiki: kulitafuta kosa kabla mchoro haujaondoka.

Hii si kazi ndogo. Mwaka 1994 iligundulika kwamba chipu ya Pentium ya kampuni ya Intel ilikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Aliyeligundua kosa alikuwa profesa wa hisabati aliyeona majibu yake hayalingani. Kampuni ililazimika kutenga dola milioni 475 kwa ajili ya kubadilisha chipu zile. Hiyo ilikuwa kompyuta ya mezani. Fikirini kosa la namna hiyo likiwa ndani ya mashine ya kupumulia mgonjwa, au ndani ya breki za basi linaloteremka Kitonga.

Mhandisi alikuja likizo kumuuguza mama yake. Siku ya Jumapili alipita Ifakara, akaketi nasi ofisini baada ya ibada, umeme umekatika na feni imesimama. Akasema ana njia nne mbele yake na zote zinamtisha. Kazini wanataka awe mkuu wa idara: mshahara unapanda, lakini hatagusa tena mchoro, atashinda kwenye vikao na bajeti. Akikataa atabaki mezani pake chini ya kijana wa miaka ishirini na tisa, katika fani ambayo sasa sehemu ya kazi yake inafanywa na akili mnemba, na hajui miaka mitano ijayo kama watamhitaji. Njia ya tatu ni kurudi nyumbani, ambako mama yupo na mashamba ya mpunga yapo, ila kazi aliyoisomea haipo. Ya nne aliitaja kwa sauti ya chini: "Au niingie chuo cha theolojia, Baba Mchungaji, nimalizie maisha yangu kwa kitu cha maana."

Kitu cha maana! Hapo ndipo ilitupasa tumsimamishe. Badala yake tulifurahi. Tulimwambia tumeona mkono wa Bwana. Mzee mmoja wa baraza alikwenda mbali zaidi, akapendekeza wakati anasubiri chuo awe mwenyekiti wa kamati ya ujenzi. Na tuseme ukweli wote, maana tunaandikia watu wetu: mabati ya kanisa lile yalitokana kwa sehemu kubwa na mchango wake. Tulimwona kama mfuko. Sasa tulitaka mfuko uhamie karibu.

Alipoondoka tulikumbuka mwingine, na kumbukumbu hiyo ndiyo imetunyima usingizi. Miaka ya nyuma palikuwa na fundi wa mitambo, mtu ambaye akisikia mashine inalia tofauti alijua ni beringi ipi. Akiwa na miaka arobaini na nane alichoshwa na kazi, akaja kwetu, nasi tukampa jibu lilelile. Aliacha kazi, akawa mwinjilisti wa mtaa. Ni mtu mwaminifu, na mahubiri yake ni magumu kusikiliza. Watoto wake wawili walikatisha shule. Akiba ya uzeeni aliichukua mapema na ikaishia kwenye bodaboda iliyoibwa. Siku moja, bila hasira, alituambia, "Mchungaji, nilikuwa namwomba Mungu vizuri zaidi nikiwa kwenye mashine." Tulicheka kidogo, kwa kukosa la kusema. Mtambo aliouacha uliendelea kuhudumiwa na vijana ambao hakuwahi kupata muda wa kuwafundisha kile alichokijua kwa masikio.

Sisi ni Walutheri, na ajabu ni kwamba kosa hili ndilo baba yetu wa imani alilolipiga vita. Martin Luther aliingia monasterini mwaka 1505 akiamini kwamba kuacha dunia ndiko kumpendeza Mungu. Ilimchukua miaka mingi kuona kwamba Mungu hakuhitaji kujinyima kwake. Aliyehitaji kitu ni jirani. Mwaka 1521 aliandika kitabu kizima kupinga nadhiri za watawa, hasa lile wazo kwamba zinamweka mtu juu ya Mkristo wa kawaida. Na mwisho wa Katekisimo Ndogo ya mwaka 1529, ile tunayowakaririsha watoto wa kipaimara, mna sehemu inayotaja wajibu wa kila mtu mahali pake: wachungaji, watawala, wazazi, watumishi. Mchungaji ni mmoja wa orodha. Hakuwekwa juu ya ngazi ambayo wengine wanaipanda.

Tusomeapo Luka sura ya tatu, watoza ushuru na askari wanamjia Yohana wakiuliza wafanye nini. Hao walikuwa na kazi chafu kuliko ya kuchora chipu. Yohana hakuwaambia waache. Aliwaambia wasiibe, wasionee mtu, waridhike na mshahara. Bezaleli katika Kutoka alijazwa Roho wa Mungu ili achonge na kuunganisha, na hatusomi kwamba baadaye alipandishwa kuwa kuhani.

Tutajibiwa kwamba Petro aliacha nyavu. Ndiyo. Lakini aliyemwita alikuwa Kristo mwenyewe, hakuwa kamati ya ujenzi. Na hata baada ya ufufuo tunamkuta Petro ziwani usiku anavua, na Bwana hakumgombeza kwa ajili ya nyavu, alimjazia. Paulo naye alishona mahema Korintho pamoja na Akila na Prisila huku akihubiri. Hatukatai kwamba wapo wanaoitwa kutoka kazi moja kwenda huduma ya Neno. Kati yetu wamo waliokuwa walimu na wauguzi. Tunachokataa ni kuuchukulia uchovu wa mtu wa makamo kuwa sauti ya Mungu.

Wapo na wenzetu wa mahema makubwa wanaokosea upande wa pili. Kwao kila kupandishwa cheo ni baraka, na asiyepanda ana laana ya ukoo. Mhandisi akiwaendea watampaka mafuta awe mkuu wa idara kabla hajamaliza kueleza. Uongo huo unaumiza hasa watu wa fani, kwa sababu katika ofisi zetu nyingi na hata Ulaya, mtu akitaka mshahara uongezeke hana budi kuacha kile anachokijua vizuri na kuanza kusaini karatasi. Mkunga hodari anakuwa msimamizi wa stoo, na mwalimu wa hisabati anahesabu madawati. Kisha tunashangaa kwa nini ujuzi unapotea.

Bonde hili limeshaliona jambo hilo, na kanisa lilikuwepo. Reli ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi. Mwaka 1972 vijana wapatao mia mbili wa Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea kazi za reli. Walirudi na maarifa ambayo hayakuwepo kwingine nchini. Walipofikia miaka arobaini, mwanzoni mwa miaka ya 1990, bandari za kusini zilifunguka na mizigo ikaanza kwenda huko. Reli iliyopangiwa tani milioni mbili kwa mwaka ilifika mahali ikabeba chini ya tani laki moja katika mwaka wa 2014/15. Mtu aliyejua ishara za reli alikuwa na nini cha kuuza Ifakara? Baadhi ya waliokuwa katika sharika zetu walifungua duka, wengine walilima. Kanisa lilikuwa na lipi kwao? Tuliwahubiria uvumilivu. Hatukuwahi kuketi nao kuuliza ujuzi huu mwafundishe nani. Septemba 2024 mkataba wa makubaliano wa kuifufua reli ile ulitiwa saini Beijing mbele ya marais watatu, na wengi wa waliojua kila nguzo kati ya Kidatu na Mlimba tumeshawazika.

Basi tungemwambia nini mhandisi? Kwanza, tungemuuliza kuhusu yule kijana wa miaka ishirini na tisa. Tunashuku kwamba nusu ya taabu yake iko hapo, na hiyo haiitwi wito. Inaitwa kiburi, nasi tunaijua kwa sababu tunayo. Mzee asiyekubali kuongozwa na kijana hatapona kwa kuvaa kola. Tungemuuliza ni nani anamtegemea: mama, wapwa watatu anaowalipia ada, mke na watoto waliozoea shule za huko. Yeye ni mwana na ni baba kabla hajawa mhandisi, na hayo nayo ni wito. Kama mama anamhitaji, aje kwa ajili ya mama, aseme hivyo waziwazi, asitafute sababu kubwa zaidi ya hiyo. Tungemwonya juu ya hesabu. Hata hapa nyumbani mtumishi wa umma anaruhusiwa kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika akiwa na 60, na Julai 2022 wengi walielezwa kwamba mkupuo wao ungekuwa asilimia 33. Tuliona nyuso zao jumuiyani. Mchungaji anayemshauri mtu aache kazi bila kumuuliza habari za akiba yake anacheza na chakula cha watoto wa mwenzake.

Tungemwambia pia asidharau kurudi, kama kuna wa kumfundisha. Pale Nyeri, Kenya, ndani ya Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi, kipo kiwanda kidogo cha chipu, kwa hiyo asituambie kwamba Afrika ni mpunga tu. Na kama ataamua kubaki mezani pake akitafuta makosa ya wengine mpaka wamwondoe, tungembariki kwa kumwekea mikono, kama tunavyowabariki wainjilisti. Mbona hatujawahi kufanya hivyo? Katika ibada zetu tunawaombea wanaokwenda chuo cha Biblia. Fundi anayekwenda VETA anaondoka kimya.

Haya yote tulimwandikia baadaye, kwa ujumbe mrefu wa simu, tukiomba radhi kwa maneno ya siku ile. Hakujibu kwa siku nne. Kisha akaandika kwamba bado hajaamua, na kwamba ana ombi moja ambalo hakuthubutu kulisema siku ile kwa kuwa tulikuwa na furaha sana: je, usharika ungeweza kumtembelea mama yake Mlimba wakati wa mvua, barabara inapokuwa mbaya na majirani hawafiki?

Tumekwenda mara mbili. Mara ya pili mama alituuliza mwanawe anafanya nini hasa huko Ulaya, maana kila akieleza yeye haelewi. Tulimwonyesha mita ya Luku ukutani, tukamweleza habari ya mchoro na ya kutafuta kosa kabla haujapelekwa kiwandani. Alifikiri kidogo. "Kumbe anakagua," akasema, "kama baba yake." Kisha akatuomba tumpigie, azungumze naye kabla salio letu halijaisha.