Usiku Mmoja kwa Nyanya
Mjukuu anayelala kwa nyanya yake hapa Isiolo hapotezi wakati, anasoma lugha ya nyumbani. Mji huu ni wa Waborana, Wasomali, Wameru, Waturkana na Wasamburu, na Kiswahili ndicho kinachowakutanisha sokoni, kwa hiyo lugha ya nyumbani imebaki mikononi mwa wazee. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 7, inaitaka serikali iendeleze lugha za asili, lakini serikali haimlazi mtoto. Nyanya ndiye anayemtegea kitendawili taa ikishazimwa, naye mjukuu akikisia huku akicheka chini ya blanketi. Wapo wasemao nyanya hudekeza. Ni kweli, sukari huzidi kwenye chai na usingizi huchelewa. Ila malezi ya mwezi hayabomolewi na usiku mmoja, na lugha, kama samaki, hukunjwa ingali mbichi. Wazazi, wapelekeni watoto.