Sketi Ilipigwa Vita, Kopo Likapita

Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana. Kuanzia siku ya kwanza ya Januari 1969 ilikuwa marufuku mjini Dar es Salaam kuvaa sketi fupi, suruali za kubana na nywele za bandia; na katika orodha hiyo hiyo yakatajwa mafuta ya kujichubua ngozi. Kabla hata siku yenyewe haijawadia, makundi ya vijana yalikusanyika kwenye kituo cha mabasi cha Kariakoo yakawashambulia akina dada waliokuwa wakienda au wakitoka kazini, hata polisi wakalazimika kuingilia kati. Wanachama wazee wanayakumbuka mambo hayo. Wengi wa wasomaji wetu wa leo hawakuwa wamezaliwa.

Tukiitazama orodha ile sasa, tunaona kwamba ilitia katika kapu moja vitu visivyofanana hata kidogo. Sketi fupi, hata mtu akiichukia, ni kitambaa: jioni huvuliwa, ikafuliwa, ikaanikwa, na mwenye kuivaa akabaki yule yule. Nywele za bandia hutundikwa msumarini. Lakini kilichomo katika kopo la kujichubua huingia mwilini, kikapita katika damu na figo, na kwa mama mja mzito kikamfikia mtoto ambaye bado hajaliona jua. Na hata hivyo magomvi ya siku zile yalikuwa karibu yote juu ya kitambaa. Barua za wasomaji zilizomiminika magazetini zilibishana juu ya magoti ya akina dada. Kopo lilipita pembeni kimya kimya, likaota mizizi mijini, likafika vijijini, hata likapata jina la Kiswahili safi: mkorogo.

Jina hilo lasema kweli. Muuzaji huchukua krimu hii na losheni ile, akaongeza dawa ya hospitali ya kutibu ukurutu, pengine na kitu kingine ambacho yeye mwenyewe hakijui, akakoroga katika bakuli, akampimia mteja katika kikopo kisicho na maandishi yoyote. Mteja hajui anapaka nini. Daktari atakayempokea baadaye hatajua pia. Wenye mzaha mitaani husema uso ni wa Fanta na miguu ni ya Coca-Cola. Nasi hatuoni la kuchekesha. Wala tusidanganyane kwamba ni jambo la wanawake peke yao. Vijana wa kiume wapo wengi siku hizi, tofauti ni kwamba wao hawatajwi katika utani huo.

Wafanyakazi yafaa wajue habari moja ambayo haisimuliwi mara nyingi. Mwaka 1939 madaktari nchini Marekani walichapisha taarifa juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha kusindika ngozi ambao mikono yao ilikuwa imepoteza rangi na kubaki na mabaka meupe. Ilipochunguzwa, sababu ilionekana kuwa ni glavu za mpira walizopewa kazini. Ndani ya mpira ule ilitiwa kemikali ya ukoo wa haidrokwinoni, ili mpira usioze upesi. Madaktari waliyaita maradhi yale maradhi ya kazini, kama vile mtu avunjikapo mguu kwenye mashine. Haikupita miaka mingi, kemikali za ukoo huo huo zikawa zinatiwa katika vikopo vizuri na kuuzwa kwa watu weusi wa Marekani na wa Afrika Kusini, kwa ahadi kwamba watapendeza. Jeraha la mfanyakazi likageuzwa bidhaa, na mnunuzi akatafutwa miongoni mwa ndugu wa yule aliyejeruhiwa. Tunawaomba wasomaji walifikirie hilo kabla hawajatuambia kwamba urembo ni hiari ya mtu na hauhusiani na siasa.

Mwaka 1975 madaktari wa Afrika Kusini waliandika juu ya wagonjwa waliotumia krimu za haidrokwinoni kwa muda mrefu: ngozi ya mashavu yao, badala ya kuwa nyeupe, iligeuka nyeusi yenye kuingia samawati, ikafanya vijipele vigumu, na doa hilo halikukubali dawa. Mtu alinunua weupe akapata weusi usiokuwa wake. Mwaka 1990 nchi hiyo ilitunga kanuni za kuiondoa haidrokwinoni katika vipodozi na kukataza hata kutangaza kwamba kipodozi hiki au kile huifanya ngozi iwe nyeupe.

Haidrokwinoni ina wenzake wawili. Mmoja ni zebaki. Ndugu zetu wachimbaji wadogo wa Geita na Chunya hawahitaji kuelezwa zebaki ni nini. Wao huimimina katika mchanga uliosagwa ili ishike dhahabu, kisha huichoma, na moshi wake umewaharibu wengi mishipa ya fahamu; mikono hutetemeka, kumbukumbu hupotea. Zebaki hiyo hiyo, ikiwa katika sura ya chumvi, hutiwa katika baadhi ya krimu na sabuni za kujichubua, kwa kuwa huzuia ngozi kutengeneza melanini, yaani ile rangi yetu. Na hapa iko alama ambayo kila mtu aweza kuitambua: baadhi ya makopo ya namna hii yameandikwa kwamba mtumiaji asiyagusishe na fedha, dhahabu, mpira, alumini wala vito. Kwa nini kipodozi kiogope pete? Mchimbaji wa Geita atakujibu mara moja. Kinaogopa pete kwa sababu kitaishika, kama kinavyoishika dhahabu mchangani. Pete ya dhahabu imehurumiwa ikaandikiwa onyo. Figo la mvaaji halikuandikiwa.

Zebaki haimalizwi na mpakaji peke yake. Mvuke wake hukaa katika taulo, mashuka na mito, na watoto wanaolala humo huuvuta.

Mwenzake wa pili ni dawa za steroidi, hasa ile kali iitwayo klobetasoli. Hii ni dawa ya kweli yenye kazi yake, na daktari wa ngozi huitoa kwa siku chache, mahali padogo. Mwenye mkorogo huipaka mwili mzima kwa miaka. Ngozi hupungua unene ikawa kama karatasi ya sigara, hufanya michirizi, vidonda vyake hukawia kupona, na mshono wa daktari wa upasuaji hauna pa kushika vizuri. Sukari na shinikizo la damu huweza kupanda. Ubaya wake mwingine ni kwamba mtu akiiacha ghafla, uso huwaka na kuvimba kuliko mwanzo, naye hudhani kopo ndilo lililokuwa likimponya, akalirudia. Basi twasema wazi: aliyekwisha kuizoea kwa muda mrefu asiitupe siku moja kwa sababu ya kusoma gazeti. Aende kwa daktari, aseme kweli yote bila haya, aelekezwe namna ya kuiacha.

Kuna jambo moja katika nchi yetu linalotosha kumnyamazisha mtetezi yeyote wa mkorogo. Mjini Moshi, katika kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko Hospitali ya KCMC, hutengenezwa krimu ya kukinga jua iitwayo Kilisun, kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino. Wao wamezaliwa na melanini kidogo au bila kabisa, na jua letu huwaletea saratani ya ngozi wakiwa bado vijana. Kopo la Moshi hufanya kazi ya kumpa mtu kile ambacho maumbile yalimnyima. Kopo la mkorogo hulipiwa fedha ili liondoe kile kile.

Hatusemi haya kwa kuwachukia wanaopenda kujipamba. Mwanachama anayedhani kwamba ujamaa ulikuwa ni kutembea na nguo chakavu na uso mkavu hakuuelewa. Wanawake wa pwani walijipaka liwa na msio, wakajisugua kwa singo yenye karafuu na mlangilangi, wakatia hina, wakajifunga doti ya kanga yenye maneno ya kumjibu jirani bila kufungua kinywa. Na nani atasema hawakupendeza? Mwaka ule ule wa 1968 kilifunguliwa kiwanda cha nguo cha Urafiki kwa msaada wa China. Kwa maoni yetu hilo ndilo lililokuwa jibu bora la mwaka ule kwa suala la mavazi: mashine za kufuma, si vijana wa kupima sketi kituoni. Leo wengi wetu twavaa mitumba, na mjadala wake ni mrefu, tutauleta siku nyingine. Lakini hakuna aliyepelekwa hospitali kwa sababu ya blauzi ya mtumba.

Wala si kila cha asili ni salama. Baadhi ya wanja una madini ya risasi ndani yake, na haufai kupakwa watoto wachanga kama wengi wetu tulivyopakwa. Piko, ambayo ni dawa ya kuzitia nywele weusi, sasa huchorwa kwenye mikono ya maharusi kwa kuwa ni nyeusi kuliko hina, na wako waliokwenda arusini na malengelenge. Kipodozi kipya, kiwe cha dukani au cha bibi, hujaribiwa kwanza mahali padogo, ndani ya mkono karibu na kiwiko, kikangojewa siku mbili. Hiyo haina itikadi. Ni busara ya jikoni ya kuonja chumvi kabla ya kumwaga kopo.

Tuje kwenye makazi ya jambo lenyewe. Msichana hapaki mkorogo kwa kuwa ni mjinga. Anapaka kwa kuwa ameona nani anayewekwa mbele kwenye meza ya mapokezi, nani anayeimba kwenye runinga, nani anayesifiwa mchumba wake amepata. Amehesabu, na hesabu yake si mbaya kama tunavyopenda kusema. Mwajiri anayetafuta msichana wa kukaa mbele ya wateja, akampita aliye na cheti akamchukua aliye mweupe zaidi, huyo ndiye muuzaji mkubwa wa mkorogo hata kama hajawahi kushika kopo. Vyama vya wafanyakazi vimezoea kudai mishahara na likizo. Tungependa kuviona vikidai pia kwamba nafasi za kazi zisitolewe kwa rangi ya shavu, na kwamba neno “mwenye mvuto” liondolewe katika matangazo ya kazi, maana sote twajua linachoficha.

Na wako dada zetu wa saluni. Wao hukoroga kwa mikono mitupu kutwa nzima katika chumba kisicho na dirisha, wakipokea kidogo, na wakikamatwa ni wao wanaopigwa picha. Wale wafanyakazi wa mwaka 1939 angalau walikuwa na glavu.

Sheria haikosekani. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ilitungwa mwaka 2003, na tangu mwaka 2019 kazi ya kusimamia vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Uko pia Mkataba wa Minamata juu ya zebaki, uliopewa jina la mji wa Japani ambao watu wake walitiwa sumu na maji ya kiwanda, msiba uliotambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba huo ulipitishwa mwaka 2013 ukaanza nguvu mwaka 2017, na nchi yetu imo. Mwanzoni ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni kuanzia mwaka 2020. Na katika mkutano wa Geneva wa mwaka 2023 iliamuliwa kwamba kufikia mwaka 2025 vipodozi vyote vilivyotiwa zebaki viondolewe, hata ikiwa kidogo namna gani.

Kwa hiyo kopo likionekana Kariakoo leo, halikuota pale. Lilivuka mpaka au bandari, likalala katika ghala la mtu, likapakiwa katika gari la mtu. Kuchoma shehena mbele ya wapiga picha ni vizuri, lakini mwenye shehena ana jina, na tungependa jina hilo lisomwe mahakamani mara nyingi zaidi kuliko la mama mwenye meza sokoni.

Tunatoa rai hizi. TBS iandike orodha ya vipodozi vilivyokatazwa kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa, ibandikwe katika kila soko na kila zahanati, na ndani yake yawemo yale maneno ya kuangaliwa kwenye lebo: mercury, calomel, herufi Hg, hydroquinone, clobetasol. Wauza dawa wasimpe mtu bomba la klobetasoli bila cheti cha daktari. Wakuu wa Umoja wa Wanawake waitishe mikutano ya matawi pamoja na wenye saluni, wasiitishe bila wao, na wamwalike muuguzi badala ya mgambo. Na kijana wa Chama atakayeona fursa ya kusimama tena kituoni na kumkagua dada wa watu usoni au magotini, ajue kwamba shughuli yake iko bandarini na ghalani, ambako makopo huingia kwa katoni.