Mvua ya Wastani, Godoro la Tope
Jumatatu asubuhi nilimkuta mama jirani ameanika godoro ukutani, maji ya tope yakichuruzika hadi barazani. Jioni redio ikatuambia mvua za Aprili hapa Dar es Salaam zimekuwa za wastani. Mama akacheka: "Basi huo wastani uje ulale hapa, jirani." Kwa watu wa hali ya hewa, wastani ni hesabu ya miaka 30, siku hizi 1991 hadi 2020, na msimu ukileta kati ya asilimia 75 na 125 ya hesabu hiyo, bado ni wa kawaida. Sina ugomvi nao. Ila Aprili, kilele cha masika, kwa kawaida hupita milimita 200, na milimita 1 ni lita 1 kwa kila mita ya mraba: bati langu la mita za mraba 80 linamwaga lita 16,000 (nusu yake, nadhani, ilipitia sebuleni). Zigawe kwa siku 30, utapata manyunyu ya kuoteshea mchicha; zikishuka kwa siku mbili tatu, bonde la Jangwani halipitiki. Wastani haulowi, anayelowa ni mtu. Ndiyo maana nachoka kusikia mabadiliko ya tabianchi yakisingiziwa kila furiko: mwezi wa kawaida ukizamisha mtaa, mwenye kosa si mbingu, ni mtaro. Wa kwetu umejaa chupa za plastiki na makumbi ya madafu tangu Krismasi. Godoro bado liko ukutani.