Tuvichunge vyeo vyetu tunapotoa maoni mitandaoni

Mimi ni mwalimu mstaafu, na katika kundi la WhatsApp la kata yetu, huku karibu na Keroka ambako Kisii inapakana na Nyamira, jina langu limetanguliwa na neno "Mwalimu". Sikuliweka kwa majivuno. Wengi wa waliomo kundini walipitia mikononi mwangu darasani, na hawajui kuniita vinginevyo.

Jioni moja mwaka jana, mtu aliuliza kundini iwapo ni kweli kwamba bikizee fulani wa kijiji jirani huzurura usiku katika maboma ya watu. Hakutoa ushahidi wowote. Nami nilikuwa nimeshiba, nimekaa kitako, nikaandika maneno mawili tu: "Lisemwalo lipo." Yalinitoka kwa mzaha, kama yamtokavyo mtu yeyote aliyezoea methali. Muuguzi mmoja, ambaye picha yake kundini inamwonyesha amevaa sare ya kazi, akaongeza nyuso tatu za kicheko. Kabla ya saa nne usiku habari ilikuwa imekwisha kufika katika makundi mengine, lakini haikufika ikiwa methali. Ilifika hivi: "Hata Mwalimu amesema ni kweli, na watu wa hospitali wanajua." Siku ya tatu binti ya yule mama alikuja kumchukua, akafunga mlango wa nyumba kwa kufuli.

Msomaji wa mbali huenda akadhani ninakuza jambo dogo. Sisi wa Gusii hatuna ruhusa ya kudhani hivyo. Oktoba 2021, wanawake wanne wakongwe waliuawa na umati huko Marani, katika Kaunti ya Kisii, kwa kushukiwa kuwa wachawi. Mei 2008, watu 11 waliteketezwa kwa tuhuma iyo hiyo. Wakati huo iliripotiwa kwamba wanakijiji walidai kulipata daftari katika shule ya msingi, limeandikwa kumbukumbu za mkutano wa wachawi na majina ya wale ambao wangerogwa. Daftari! Hizo zilikuwa siku ambazo wanavijiji wengi hawakuwa na intaneti mkononi, na bado karatasi iliyoandikwa na asiyejulikana iliaminiwa kuliko uhai wa jirani. Je, leo itakuwaje maandishi yakija na jina la mwalimu, la mchungaji ama la muuguzi?

Hapo ndipo ninapotaka tuelewane. Watu wengi wenye kazi za heshima hudhani kwamba wanapotoka kazini huacha vyeo vyao huko, na kwamba wakishika simu jioni wao ni raia kama raia wengine. Raia ndio, na Katiba ya mwaka 2010 inawalinda katika kifungu cha 33. Lakini kifungu hicho hicho kinamtaka anayeutumia uhuru wa kujieleza aheshimu haki na sifa za wenzake. Tena, anayesoma maoni yetu haoni saa za kazi. Huona jina, huona sare, hukumbuka ni nani aliyemfundisha kusoma.

Hata sheria ya kikoloni ililiona jambo hili. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1925 ilimhesabu kuwa mkosaji yule amwitaye mwenziwe mchawi, isipokuwa awe ameipeleka shutuma hiyo kwa chifu, polisi ama mwenye mamlaka mwingine. Sina mapenzi na sheria zile, lakini ilijulikana mapema kwamba neno likitupwa hadharani haliwezi kuokotwa.

Wazee wetu nao walikuwa na kile tukiitacho chinsoni, ile staha ipasayo kati ya mzazi na mwana, kati ya mkwe na mkwe. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa, wala hatamki neno chafu mbele yake. Kundi la WhatsApp limetutia sote katika nyumba moja: baba mkwe, mke wa mwana, kasisi, mwanafunzi wa jana na mwajiri wa kesho. Kila mmoja husema kana kwamba yuko peke yake na marafiki zake kilabuni. (Matusi niliyoyasoma Machi 2024, Seneti ilipomwondoa Naibu Gavana wa Kisii, Robert Monda, mengine yaliandikwa na watu ambao watoto wao wamo katika kundi hilo hilo.)

Sisemi kwamba mtumishi wa umma anyamaze. Dawa zikikosekana hospitalini, muuguzi ndiye ajuaye, na akisema kwa jina lake, akataja alichokiona na siku alipokiona, amefanya kazi yake. Mwalimu akieleza kwa nini mtaala una kasoro, cheo chake kina haki ya kusikika. Cheo kiende pale ujuzi ulipo. Mimi nilisomea hesabu na Kiswahili; sikusomea mienendo ya vikongwe usiku. Lau ningeulizwa swali lile katika baraza la chifu, mbele ya mama mwenyewe, ningesimama na kudai ushahidi. Kwa nini kwenye simu niliona methali inatosha?

Nilipopata habari kwamba ameondoka, niliandika kanusho katika kundi, kwa jina langu na kwa neno "Mwalimu". Nilisema sijui lolote baya juu yake na kwamba nilikosea. Watu wanne walijibu. Nikaomba lipelekwe kule kote yalikokwenda yale maneno mawili. Sijaona dalili kwamba lilifika. Muuguzi aliondoa nyuso zake bila kusema kitu. Wiki iliyopita nilipita mbele ya boma lile nikielekea sokoni. Kufuli ingali mlangoni, na migomba inavunwa na majirani.