Tuwaamini Wanaokosa Pumzi

Ndugu zangu wa Kisii na Nyamira, naomba tuache kuwaita wavivu watu walioachwa na Korona bila pumzi. Tunao. Mama mchuma chai wa Nyansiongo, aliyezoea kubeba majani hadi kituo cha kununulia bila kutua, sasa anatua njiani kila mara, mkono kiunoni. Akisema ni tangu ule ugonjwa, anajibiwa: "Si ulipona? Korona iliisha!"

Shaka hiyo najua ilikotoka, na siidharau. Mwaka 2020 tulisikia jinsi mabilioni ya pesa za vifaa vya Korona yalivyochezewa pale KEMSA, shirika la serikali la kusambaza dawa. Juni 2021 sherehe za Madaraka zilifanyika Kisumu, wakubwa wakahutubia. Hazikupita wiki tatu, kaunti 13, zetu zikiwemo, zikawekewa kafyu ya saa moja jioni. Aliyeyaona hayo akasema Korona ilikuwa biashara, namwelewa. Lakini pesa kuibwa hakukuufanya ugonjwa uwe wa uongo. Gavana John Nyagarama wa Nyamira alifariki Desemba 18, 2020, akitibiwa Korona Nairobi.

Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo mno vya hewa, vyenye kuta nyembamba zinazopitisha oksijeni kwenye damu. Ugonjwa ukiwa mkali, kuta hizo huvimba na kuumia, na nyingine hupona kwa kovu. Kovu hilo, kama la mguu uliounguzwa na uji, hukaza wala halinyumbuki. Mwenye nalo akiketi utamwona mzima kabisa. Hata eksirei ya kifua yaweza kutoka safi. Mpandishe mlima ndipo utajua.

Si wote walio hivyo. Wengi walipona kabisa, na hata miongoni mwa walioumia mapafu, wengi huendelea kupata nafuu miezi kwa miezi. Walio hatarini zaidi ni wale waliolazwa wakawekewa oksijeni. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imekwisha, halikusema kuwa hao wamepona; tangu Oktoba 2021 lilikuwa limeshaeleza kwamba dalili, kukosa pumzi ikiwemo, zaweza kudumu.

Asiyeaminiwa hunyamaza, na watu wake hutafuta sababu kwingine. Oktoba 2021, kule Marani, wanawake wanne wazee waliuawa wakituhumiwa kumroga kijana. Hiyo haikuwa Korona, lakini sote tunajua ugonjwa usioeleweka unaweza kutufikisha wapi.

Kwa hiyo wachungaji, wenyekiti wa vyama na wazee wa vijiji, semeni jambo hili hadharani. Wachongaji wa mawe wa Tabaka mnaovuta vumbi kutwa, na akina mama mnaopikia kuni katika jiko lisilo na dirisha, ninyi hamna pafu la akiba, msingoje kwenda kupimwa. Na tuache mtindo wa kukimbilia antibayotiki kwa kemisti kila mtu akikohoa. Dawa hizo haziondoi kovu. Isitoshe, si kila anayehema anaumwa kwa sababu ya Korona: huenda ni pumu, moyo au kifua kikuu. Kikohozi kikizidi wiki mbili, kifua kikuu kipimwe, na katika hospitali za serikali kipimo hicho ni bure.

Mpelekeni mgonjwa zahanati iliyo karibu. Akihitaji zaidi, Hospitali ya Rufaa ya Kisii au ya Nyamira. Mwelezeni daktari aliugua lini na kama aliwekewa oksijeni. Ombeni apimwe mara mbili kwa kile kifaa cha kubana kidole kinachopima oksijeni: akiwa ameketi, kisha baada ya kutembea. Nawe msimamizi wa shamba, mpunguzie mzigo hadi majibu yatoke.