Rangi Nyekundu Si Ushahidi

Ndugu wafanyakazi,

Zamani karani wa shamba alipiga mstari mwekundu kwa mkono wake, nasi tulijua wa kumwuliza. Siku hizi mahudhurio ya wengi wetu yamo katika kompyuta, na programu kama Excel hupaka rangi yenyewe. Karani huipa amri mara moja tu: kila kisanduku chenye neno HAYUPO kiwe chekundu.

Hapo ndipo penye mtego. Amri hiyo hutafuta herufi, haisomi maana. Aliyeandikwa "HAYUPO, MGONJWA" na aliyeandikwa "HAYUPO, RUHUSA" visanduku vyao huwa vyekundu sawasawa na cha mtoro. Msimamizi mwenye haraka akihesabu wekundu peke yake, mgonjwa atakatwa mshahara.

Hatupingi mashine. Dawa yenyewe ni ndogo: MGONJWA na RUHUSA yapewe rangi zao, na amri zake ziwekwe juu ya ile ya HAYUPO. Katika Excel, amri mbili zikigongana, iliyo juu ndiyo hushinda.

Basi viongozi wa matawi wadai mambo mawili. Kwanza, waonyeshwe amri hizo na maana ya kila rangi. Pili, asikatwe mtu mshahara kabla karatasi yake ya zahanati haijasomwa.

Nawe mfanyakazi, tunza karatasi yako. Kompyuta hufuata amri. Aliyeitoa ndiye wa kuulizwa.

Umoja ni nguvu!